Tathmini ya Huduma: Ofisi ya Mawakili wa Familia Iliyonisimamia Binti Yangu Alipohamishiwa Texas Bila Ruhusa

Huduma ninayoitathmini ni ya ofisi ya mawakili wa sheria za familia iliyoko katika eneo la Minneapolis, jimbo la Minnesota nchini Marekani. Sitaji jina lake kwa kuwa shauri lenyewe linamhusu mtoto, na pia kwa sababu nina mambo ya kuisifu na mengine ya kuilaumu. Ninaandika kwa ajili ya wazazi wenzangu wanaozungumza Kiswahili na wanaoishi huku, kwa sababu nilipopatwa na jambo hili sikupata hata ukurasa mmoja wa lugha yetu ulionieleza nianzie wapi, nimtafute nani na nitegemee kulipa nini.

Hali ilikuwa hivi. Hukumu yetu ya talaka ilimpa mzazi mwenzangu jukumu la kuishi na mtoto, nami nikapewa wikendi moja kati ya mbili, jioni moja ya katikati ya wiki, na sehemu ya likizo. Maamuzi makubwa kuhusu elimu, matibabu na dini tulipaswa kuyafanya pamoja. Shule zilipofungwa kwa likizo ya kiangazi, binti yangu alipelekwa Texas, na mimi nilidhani amekwenda kumtembelea mama yake mdogo. Ukweli niliupata shuleni, pale karani aliponiambia kwamba shule moja ya Texas imeomba kumbukumbu za mtoto ili imwandikishe darasa la tatu. Nilipiga simu polisi, nikajibiwa kwa upole kwamba kwa jinsi nilivyoeleza, suala hilo ni la mahakama ya familia. Hapo ndipo nilipoitafuta ofisi hii.

Kikao cha kwanza ndicho kilichonifanya niwaamini. Kabla ya kuniuliza nina fedha kiasi gani, wakili aliniuliza kama nimewahi kumpiga au kumtishia mzazi mwenzangu, na kama kumewahi kutolewa amri yoyote ya ulinzi dhidi yangu. Alieleza sababu bila kuzunguka: katika Minnesota, mzazi anayetaka kuhama na mtoto ndiye mwenye mzigo wa kuithibitishia mahakama kwamba uhamisho huo unamfaa mtoto, lakini mzigo huo humhamia yule anayepinga endapo mahakama itaona kwamba anayehama ni mhanga wa ukatili wa nyumbani uliofanywa na mwenzake. Aliongeza kwamba asingekubali kuanza kazi bila kulijua jambo hilo, kwa sababu wapo wazazi wanaokimbia kwa kuokoa maisha yao, na kuwafuata watu hao kwa nyaraka za mahakama bila kujua ukweli ni hatari. Nilimjibu kwamba halikuwapo jambo la namna hiyo, na mahakama nayo baadaye haikupata lolote. Ninaliheshimu swali lile mpaka leo, na ninadhani wakili yeyote wa kesi za aina hii asiyeliuliza siku ya kwanza hafai kupewa kazi.

Baada ya hapo msaidizi wake aliifungua hukumu yetu ya talaka, nakala niliyokuwa nimeihifadhi ndani ya bahasha bila kuisoma yote, akaenda moja kwa moja kwenye Kiambatisho A kilichoko mwishoni. Karatasi hizo huambatanishwa na hukumu za talaka na za malezi katika Minnesota, na watu wengi huzipuuza kwa kudhani ni maneno ya kawaida ya kiofisi. Alipiga mstari wa penseli chini ya aya moja baada ya nyingine: kila mzazi ana haki ya kupata kumbukumbu za mtoto za shule na za matibabu, kila mzazi anawajibika kumjulisha mwenzake jina na anwani ya shule anayosoma mtoto, kila mzazi ana haki ya kuwasiliana na mtoto kwa simu kwa kiasi cha kuridhisha, na kumficha mtoto ili kumnyima mzazi mwingine haki zake kunaweza kuwa kosa la jinai. Kisha akanionyesha kifungu cha sheria ya jimbo, namba 518.175, kinachosema kwamba mzazi anayeishi na mtoto haruhusiwi kuhamishia makazi ya mtoto katika jimbo jingine bila amri ya mahakama au ridhaa ya mzazi mwenzake, ikiwa huyo mwenzake amepewa muda wa kuwa na mtoto katika hukumu. Kifungu hichohicho kinasema pia kwamba ikiwa lengo la kuhama ni kuvuruga muda huo, mahakama haitatoa ruhusa.

Wakili alinikataza mambo matatu, na kwa maoni yangu makatazo hayo peke yake yalistahili gharama ya kikao kile. La kwanza, nisisafiri kwenda Texas kumchukua mtoto, kwa kuwa hukumu haikunipa haki ya kumchukua nje ya siku zangu, na ningejikuta mimi ndiye ninayejibu mashtaka. La pili, nisiache kulipa fedha za matunzo ya mtoto, kwa sababu sheria inayatenganisha mambo hayo mawili na mzazi hawezi kuzuia fedha za chakula cha mtoto kwa kuwa amenyimwa kumwona. La tatu, kila ujumbe nitakaomwandikia mzazi mwenzangu niuandike nikijua kwamba jaji atausoma. Katazo hili la mwisho lilikuwa gumu kulifuata kuliko mengine yote, kwa kuwa usiku mtu hukaa na simu mkononi na maneno yamemjaa kifuani, lakini ujumbe wangu ulipokuja kusomwa mahakamani ulikuwa mfupi na wa heshima.

Upande ambao ofisi hii inaujua kweli ni ule wa mamlaka ya mahakama, yaani jimbo lipi lina haki ya kuamua. Ipo sheria ya mfano iliyoandaliwa mwaka 1997 kuhusu mamlaka ya mahakama katika malezi ya watoto, ambayo majimbo yote ya Marekani yameipitisha isipokuwa Massachusetts. Kwa sheria hiyo, mahakama iliyotoa hukumu ya kwanza ya malezi kwa kufuata taratibu hubaki na mamlaka ya kuibadilisha maadamu mmoja wa wazazi au mtoto mwenyewe bado anaishi katika jimbo hilo, hata kama mtoto amepelekwa kwingine. Kwa kuwa mimi sikuhama, mahakama ya Minnesota ndiyo iliyobaki na neno, na mahakama ya Texas isingeweza kuibadilisha hukumu yetu kwa sababu tu mtoto ameandikishwa shule huko. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1980 ya kuzuia wazazi kuteka watoto nayo inayataka majimbo yaheshimiane katika maamuzi hayo.

Wakili alinieleza pia hali ya wazazi ambao hawajawahi kwenda mahakamani kabisa, na ninaiandika hapa kwa sababu ninawajua wengi walio katika hali hiyo. Pasipo hukumu, jimbo lenye haki ya kwanza ya kusikiliza shauri ni lile ambalo mtoto ameishi kwa miezi 6 mfululizo kabla ya shauri kufunguliwa. Mtoto akiondolewa, jimbo alilotoka huendelea kuhesabiwa kuwa makazi yake kwa miezi 6 tangu alipoondoka, ikiwa mzazi mmoja amebaki pale. Muda huo ukipita bila shauri kufunguliwa, jimbo jipya linaweza kuchukua nafasi hiyo. Katika jumuiya yetu desturi ni kuwaachia wazee wa pande zote mbili wakae wazungumze, na mimi ninaiheshimu desturi hiyo na nimeona ndoa zikisimama kwa ajili yake. Hata hivyo vikao huahirishwa, mjomba husafiri, mwezi mtukufu huingia, na miezi 6 hupita kabla chai ya kikao cha tatu haijapoa. Kufungua shauri hakuwazuii wazee kuendelea kuzungumza, na hivyo ndivyo tulivyofanya sisi.

Ipo hali nyingine ambayo wakili aliigusia kwa dakika chache tu, na ninatamani angeitilia mkazo zaidi. Katika Minnesota, mtoto akizaliwa nje ya ndoa, mama ndiye mwenye haki zote za ulezi mpaka mahakama itakapoamua vinginevyo, na baba kutia sahihi fomu ya kukiri uzazi hospitalini hakumpi haki ya ulezi wala ratiba ya kumwona mtoto. Vijana wetu wengi wanaamini kwamba jina lao likiwa kwenye cheti cha kuzaliwa, basi mama hawezi kuondoka na mtoto bila wao kuridhia. Wanaupata ukweli siku ambayo mtoto amekwisha kuondoka. Wazazi waliooana kwa mila au msikitini bila cheti cha serikali nao hawana budi kuulizia mapema jinsi ndoa yao inavyohesabiwa mbele ya sheria.

Nije sasa kwenye kasoro. Kubwa kuliko zote ilihusu hati za kiapo. Mama yangu mzazi, ambaye ndiye aliyekuwa akikaa na mjukuu wake jioni zangu nilipochelewa kazini, alitakiwa kutoa maelezo yake. Ofisi haikuwa na mtu wa Kiswahili wala haikuandaa mkalimani, bali ilinitaka mimi nitafsiri, jambo ambalo halikuwa sawa kwa kuwa mimi ni mhusika katika shauri. Mama alieleza kwamba alikuwa akimpikia mtoto na kumsomesha dua kabla ya kulala jioni za katikati ya wiki. Msaidizi akaandika kwamba bibi ndiye aliyekuwa akimlea mtoto kila siku. Nilipomsomea mama maneno hayo kwa Kiswahili, aliisukuma kalamu pembeni akasema, "Mwanangu, mimi siapi juu ya jambo ambalo sikulisema. Waandike nilichosema, na kama hakitoshi basi hakitoshi." Waliandika upya, mkalimani akatafutwa baada ya mimi kushikilia, na muda wa kuandika upya ukaingizwa kwenye ankara yangu. Nililalamikia ankara hiyo kwa maandishi, nao wakauondoa muda huo, lakini sikupaswa kufika huko. Msomaji ajue kwamba ndani ya mahakama za Minnesota mkalimani hutolewa bila malipo kwa anayemhitaji, mradi aombwe mapema. Tatizo liko katika kazi ya ofisini kabla ya kufika mahakamani, ambako kila ofisi ina utaratibu wake.

Kasoro ya pili ni ya gharama. Niliweka malipo ya awali ya dola 4,000, wakili akitoza dola 325 kwa saa na msaidizi dola 140, na muda ukihesabiwa kwa vipande vya dakika 6, kwa hiyo hata barua pepe ya kuuliza tarehe ilikuwa na bei yake. Hayo yote yalikuwa kwenye mkataba na siwezi kudai kwamba nilifichwa. Jambo ambalo sikuambiwa mwanzoni ni kwamba leseni ya wakili wa Minnesota haimruhusu kufanya kazi katika mahakama za Texas, na kwamba tukitaka hukumu yetu isajiliwe kule ili iweze kutekelezwa, ningehitaji wakili wa pili kwa malipo tofauti. Usajili wenyewe ni hatua ya maana sana: nakala zilizothibitishwa za hukumu hupelekwa katika mahakama ya kule, mzazi wa pili hupewa taarifa, naye huwa na siku 20 za kuomba kusikilizwa ikiwa anapinga, tena kwa sababu chache tu, kama vile kwamba mahakama iliyotoa hukumu haikuwa na mamlaka, kwamba hukumu imekwisha kufutwa au kubadilishwa, au kwamba yeye hakupewa taarifa ya shauri la awali. Ofisi ilinitafutia wakili mzuri wa Texas, lakini nililazimika kukopa kwa ndugu ili nimlipe. Gharama inayojulikana tangu siku ya kwanza ilipaswa kutajwa siku ya kwanza.

Katika kusikilizwa kwa shauri, kazi yao ilikuwa safi. Ombi la dharura lilisikilizwa kwa njia ya video, na wakili hakumtukana mzazi mwenzangu hata kwa neno moja. Alieleza kile sheria inachotaka, akaonyesha kwamba ruhusa haikuombwa, akaweka mbele ya jaji kumbukumbu za shule na ratiba ya wikendi zangu zilizokwisha kupotea, akanyamaza. Jaji aliamuru mtoto arudi Minnesota kabla ya shule kufunguliwa na abaki hapa mpaka ombi la kuhama litakapowasilishwa na kusikilizwa kama sheria inavyotaka. Mzazi mwenzangu alitii, na kwa hilo ninamshukuru, kwa kuwa laiti asingetii tungeingia katika mambo ya kumtoa mtoto kwa amri ya mahakama mbele ya macho yake.

Kisha yeye akawasilisha ombi lake rasmi, na hapo ndipo nilipoona ubora wa ofisi hii kuliko popote. Mahakama ya Minnesota inapopima ombi kama hilo hutazama mambo manane yaliyotajwa katika sheria, miongoni mwake uhusiano wa mtoto na kila mzazi, umri na mahitaji yake, uwezekano wa kuulinda uhusiano wake na mzazi anayebaki, iwapo kuhama kutaboresha maisha ya mtoto na ya mzazi anayehama, na sababu za kila upande za kutaka au kupinga. Wakili alinikalisha chini akanipitisha katika yote manane, akaniambia waziwazi kwamba sababu za mzazi mwenzangu si za uongo: amepata kazi ya uuguzi yenye mshahara mkubwa kuliko wa hapa, dada yake anaishi karibu na atamsaidia malezi, na mtoto anawapenda binamu zake. Aliniambia tunaweza kupigana na huenda tukashinda, na akanitajia makadirio ya gharama ya kusikilizwa kamili yenye mashahidi. Baadaye akaniuliza ninachokitaka hasa ni nini. Nilimjibu kwamba nataka binti yangu akue akinijua, na kwamba kilichoniumiza ni kuondolewa kwake kana kwamba sipo.

Tulikwenda kwa msuluhishi. Makubaliano yaliyotoka huko, ambayo jaji aliyatia sahihi yakawa amri, ni kwamba mtoto amalize mwaka wa shule Minnesota na ndipo ahamie Texas na mama yake. Kwamba awe nami sehemu kubwa ya kiangazi, mapumziko ya majira ya kuchipua kila mwaka, na sikukuu kwa zamu, Idi zikiwa zimetajwa kwa jina. Kwamba tuzungumze kwa video katika siku na saa zilizoandikwa. Kwamba nauli za ndege tugawane nusu kwa nusu. Na kwamba mahakama ya Minnesota iendelee kuwa na mamlaka maadamu mimi ninaishi hapa. Ofisi ingechuma fedha nyingi zaidi kama ningeshikilia vita, na wao ndio walionionyesha njia ya bei nafuu.

Waliongeza jambo moja ambalo sikuwa nimelifikiria. Pasipoti ya Marekani ya mtoto aliye chini ya miaka 16 kwa kawaida huhitaji ridhaa ya wazazi wote wawili, na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ina mpango ambao mzazi huandikisha jina la mtoto ili ajulishwe endapo mtu ataomba pasipoti kwa jina hilo. Kwa familia kama zetu, ambazo zina ndugu katika bara jingine, ni vyema kila mzazi aujue mpango huo. Msaidizi alinisaidia kujaza fomu papo hapo.

Kwa anayefikiria kwenda kwao au kwenda ofisi nyingine ya namna hii, apeleke hukumu yake yote pamoja na viambatisho vyake, si ukurasa wa mwisho wenye muhuri peke yake. Aulize kabla ya kutia sahihi mkataba kama shauri litahitaji wakili wa jimbo jingine na kwa makadirio ya kiasi gani, na ni nani atakayetafsiri maelezo ya mashahidi wasiojua Kiingereza. Asitegemee ushauri wa binamu aliyepitia jambo kama hili katika jimbo jingine, kwa kuwa sheria hutofautiana sana: Florida huanza kuhesabu kuhama kuanzia maili 50, Michigan hutazama maili 100 hata ndani ya jimbo lenyewe, na Illinois ina maili 25 kwa kaunti za Chicago na jirani zake na 50 kwa sehemu nyingine za jimbo. Asiye na uwezo wa malipo ya awali aanzie katika kituo cha mahakama cha kuwasaidia watu wasio na wakili, ambako fomu hutolewa bure na watumishi hueleza taratibu ingawa hawaruhusiwi kutoa ushauri wa kisheria. Ada za mahakama nazo zinaweza kusamehewa kwa mwenye kipato kidogo akiomba.

Ninaipa ofisi hii nyota nne kati ya tano. Nyota iliyokosekana ni ya kiapo cha mama yangu na ya gharama ya Texas. Shauri lilipofungwa, salio la fedha zangu lilirudishwa kwa hundi pamoja na mchanganuo wa kila dakika iliyotozwa, na nakala ya jalada lote nilipewa bila kuiomba.